Mama ana baridi yabisi: je, ugonjwa huo uko katika damu yetu?

*"Assalamu alaykum, daktari. Mimi ni msichana wa miaka 26, mkazi wa Langoni, Lamu. Mama yangu mzazi ameambiwa hospitalini kwamba ana baridi yabisi ile ya rumatoidi. Vidole vyake vimepinda, asubuhi hawezi hata kufunga vifungo vya nguo, na anatumia dawa za maumivu anazonunua dukani. Marehemu bibi yangu, mamake mama, alilalamikia magoti hadi alipofariki. Mama mkubwa naye viungo vilimuuma karibu mwaka mzima baada ya homa ya mwaka 2004, ingawa sasa ni mzima. Nimeposwa na mtoto wa huyo mama mkubwa. Nyumbani watu wamegawanyika: wengine wanasema ugonjwa uko katika damu yetu na tukioana watoto watazaliwa nao, wengine wanasema ni upepo wa kusi na maji ya baridi. Mimi mwenyewe vidole huniuma jioni nikishona kofia kwa muda mrefu. Ndugu yetu aliyeko Uingereza anataka kunitumia kipimo cha jeni cha kutemea mate kichupani. Nikifanye? Na ndoa je?"*

Wa alaykum salaam, mwanangu. Nianze na jibu lenyewe, usije ukasoma yote haya roho ikiwa juu. Kuwa binti wa mama mwenye ugonjwa huu kunaongeza uwezekano wako wa kuupata, lakini uwezekano huo bado ni mdogo. Baridi yabisi si sababu ya kuvunja posa yenu. Kipimo cha mate nakushauri usikifanye, ila kuna kipimo kingine, ambacho hukukitaja, ambacho ninyi wawili mnapaswa kukifanya kabla ya nikaha. Sababu zake ndizo ndefu kidogo.

Umenihesabia wagonjwa watatu katika ukoo mmoja, nami nadhani hesabu hiyo ndiyo iliyowatia hofu watu wa nyumbani. Ninavyolisoma swali lako, mgonjwa wa rumatoidi ni mmoja tu, naye ni mama yako. Bibi aliyeumwa magoti uzeeni, bila ya kutajwa vidole wala vifundo vya mikono, kwa uwezekano mkubwa alikuwa na kulika kwa gegedu, ile nyama laini inayofunika ncha za mifupa. Hayo ni maradhi ya umri, uzito na kazi nzito za miaka mingi, na yana njia yake tofauti kabisa. Sikumpima, wala sasa hapimiki, lakini huyo nisingemtia katika hesabu ya rumatoidi.

Ama mama mkubwa, mwaka ulioutaja unatosha kunipa shaka kubwa. Katikati ya mwaka 2004 Lamu ilikumbwa na mlipuko wa chikungunya, virusi vinavyoenezwa na mbu aina ya Aedes, yule anayezaliana katika mapipa na mitungi ya maji ya nyumbani na kuuma mchana. Wachunguzi walipopima damu za wakazi baadaye, waliwakuta watu wapatao 75 kwa kila 100 wana dalili kwamba virusi hivyo vilikwisha kuwapitia. Ndiyo kusema karibu kila nyumba ya mji iliguswa. Chikungunya huanza kwa homa kali ya ghafla, na viungo huuma na kuvimba pande zote mbili za mwili kwa namna inayofanana sana na rumatoidi. Kwa baadhi ya watu maumivu hubaki kwa miezi, na kwa wachache kwa miaka. Mama mkubwa aliumwa pamoja na mji mzima, akaumwa mwaka mmoja, akapona. Rumatoidi haina desturi hiyo ya kuja na homa ya mtaa mzima kisha kwenda zake. Basi mchumba wako, kwa ushahidi ulionipa, si mtoto wa mgonjwa wa rumatoidi.

Nimekaa hapo kwa muda kwa sababu daktari yeyote atakayekuhudumia atakuuliza habari za ukoo, na jibu la "kwetu wote wana baridi yabisi" halimsaidii, kwani jina hilo mitaani kwetu hubeba maradhi manne au matano, na jongo likiwemo. Sema ni kiungo kipi kiliuma, kwa umri gani, na kwa muda gani.

Kuhusu upepo wa kusi na maji ya baridi, wanaosema hivyo hawasemi bure. Wagonjwa wengi huhisi viungo vimekaza zaidi siku za baridi, nao nawaamini. Lakini kuzidisha maumivu ni jambo moja na kuleta ugonjwa ni jambo jingine. Ingekuwa kusi ndiyo inayoleta rumatoidi, wavuvi wa Lamu na Malindi wangekuwa wagonjwa wa kwanza, na wanawake wanaokaa ndani wangekuwa wa mwisho. Ilhali ugonjwa huu huwapata wanawake mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume.

Sasa tuje kwenye damu, au kwa usahihi zaidi, kwenye jeni. Rumatoidi ni ugonjwa wa kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe, hasa utando laini unaozunguka viungo kwa ndani. Kinga hiyo hufanya kazi kwa kuonyeshwa. Juu ya baadhi ya seli zetu kuna protini ziitwazo HLA, ambazo hushika vipande vidogo vya protini nyingine na kuvitoa mbele ya seli za kinga, mfano wa sinia inayopitishwa barazani ili kila aliyeketi atazame kilichomo. Kipande kikitambuliwa kuwa ni cha mwili wenyewe huachwa, na kikionekana kigeni kinga huamka. Umbo la sinia hiyo hutofautiana baina ya mtu na mtu, na tofauti hiyo ndiyo tunayoirithi, kwa jeni zilizoko katika kromosomu ya 6, nakala moja kutoka kwa mama na nyingine kutoka kwa baba.

Mwaka 1987 Peter Gregersen na wenzake nchini Marekani walitoa hoja ambayo mpaka leo ndiyo msingi wa somo hili. Walionyesha kwamba wagonjwa wengi wa rumatoidi, hata wakiwa na aina mbalimbali za jeni iitwayo HLA-DRB1, hushirikiana katika mfuatano mfupi unaofanana wa amino asidi tano (amino asidi ni punje ndogo zinazoungana kuunda protini), kutoka nafasi ya 70 hadi ya 74 ya protini hiyo, karibu kabisa na pale kipande kinaposhikwa. Umbo hilo linashika vyema zaidi protini zilizobadilishwa kidogo, ambamo amino asidi iitwayo arginini imegeuzwa kuwa sitrulini. Mabadiliko hayo peke yake si ugonjwa. Hutokea katika mwili wa kila mtu penye uvimbe, na hutokea kwa wingi katika mapafu ya mvutaji sigara na katika fizi zenye maradhi. Ila kwa mtu mwenye umbo hilo la HLA, protini zilizobadilishwa zinaweza kuonyeshwa kwa namna ambayo kinga inazidhania kuwa adui, nayo ikaanza kutengeneza kingamwili, yaani protini za kupambana na adui, dhidi yake. Kingamwili hizo, ambazo hupimwa kwa kipimo kiitwacho anti-CCP, zimekutwa katika damu za watu miaka kadhaa kabla ya kiungo cha kwanza kuuma. Baada ya hapo kinahitajika kichocheo kingine, ambacho mara nyingi hakijulikani, ili vita vihamie kwenye vifundo.

Hiyo ndiyo jeni yenye nguvu kuliko zote katika habari hii, na hata hiyo haitoshi kumfanya mtu mgonjwa. Watu wengi wazima kabisa wanayo, na wengi wao watazeeka na kufa bila ya kuijua rumatoidi. Mama yako, kama anayo katika nakala moja, amekupa wewe ama nakala hiyo ama ile nyingine. Ni nusu kwa nusu. Zaidi ya hiyo ziko nyingine nyingi: uchunguzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2014, uliowahusisha watu zaidi ya 100,000 wa asili ya Ulaya na Asia, ulitaja sehemu 101 za jeni zinazohusika, karibu zote zikiongeza uwezekano kwa kiasi kidogo sana. Hakuna jeni moja ya rumatoidi inayotembea katika ukoo wenu, ikimpata huyu na kumwacha yule.

Huenda ukasoma mahali kwamba "asilimia 60 ya rumatoidi ni ya kurithi", na ukadhani una asilimia 60 ya kuugua. Hesabu hii huwababaisha hata wasomi. Maana yake ni kwamba, ukitazama tofauti zilizopo katika jamii nzima kati ya wanaopata na wasiopata, zaidi ya nusu ya tofauti hizo inaelezwa na jeni; haisemi lolote juu ya bahati ya mtu mmoja. Ukitaka kuona nguvu halisi ya urithi, watazame pacha wa kufanana, ambao jeni zao ni moja. Mmoja wao akiwa na rumatoidi, mwenzake huipata mara 12 hadi 15 tu katika kila 100. Yaani mtu mwenye jeni zile zile za mgonjwa, aliyekaa naye tumbo moja, kwa kawaida haugui.

Wewe si pacha wa mama yako, umechukua nusu tu ya jeni zake. Katika jamii kwa jumla, ugonjwa huu huwapata watu wasiozidi 1 katika 100, na mtoto wa mgonjwa huwa na uwezekano wa takriban mara tatu ya huo. Ukisikia "mara tatu" unashtuka, lakini geuza hesabu: katika mabinti 100 walio kama wewe, 97 hawataupata. Mtoto wako, akiwa mjukuu wa mgonjwa, yuko chini zaidi ya hapo. Wala hakuna mtoto "anayezaliwa nao". Wengi huanza kuugua kati ya miaka 30 na 60.

Kinachobaki baada ya jeni ndicho mnachoweza kukishughulikia, na cha kwanza ni sigara. Uchunguzi wa Sweden uliochapishwa mwaka 2006 uliwakuta wavutaji wenye nakala mbili za lile umbo la HLA wakiwa na uwezekano wa mara 21 wa kupata rumatoidi yenye kingamwili, wakilinganishwa na wasiovuta wasio na umbo hilo. Sijui dawa yenye nguvu kama hiyo ya kuacha sigara. Wewe huenda huvuti, lakini uliza nyumba nzima, na shisha ya wageni wa harusi isisahaulike, kwani nayo ni moshi wa tumbaku. Fizi zinazotoka damu zitibiwe, uzito usiachiwe upande mno, na ukijaaliwa mtoto umnyonyeshe, kwa maana kunyonyesha kwa muda mrefu kumehusishwa na upungufu wa ugonjwa huu. Miezi ya mwanzo baada ya kujifungua ndiyo ya kuwa macho, kwani ugonjwa hupenda kujitokeza wakati huo, na mama mzazi hudhani ni uchovu wa kulea tu.

Ama hicho kichupa cha mate, hesabu zake zimetengenezwa kwa sehemu kubwa kutokana na damu za watu wa Ulaya. Jeni iitwayo PTPN22, ambayo badiliko lake ni la pili kwa umuhimu kwao, ni adimu mno kwa watu wa Afrika na Asia ya Mashariki, na lile umbo la HLA nalo ni la nadra zaidi kwa Waafrika wenye rumatoidi kuliko kwa Wazungu. Mtu wa Lamu, ambaye katika mababu zake huenda wamo Wabajuni, Wahadhrami, Waomani na watu wa bara pamoja, hana mizani ya kupimiwa katika kipimo kama hicho. Jibu likija "hatari kubwa", huna dawa ya kunywa kwa ajili yake, na utalala kila usiku ukibonyeza vidole. Jibu likija "hatari ndogo", unaweza kudharau uvimbe wa kweli utakapokuja. Huo ni wasiwasi wa kununua kwa pauni. Mwambie ndugu yako, kwa adabu, fedha hizo azitume kwa matibabu ya mama. Hata anti-CCP siipendekezi kwa mtu asiye na dalili. Ni kweli kwamba tafiti zilizochapishwa mwaka 2024 zimeonyesha kuwa dawa iitwayo abatasepti yaweza kuuchelewesha ugonjwa kwa watu wenye kingamwili hizo, lakini hao walikuwa tayari na maumivu ya viungo, na dawa yenyewe ni ghali na haijawa matibabu ya kawaida.

Kuhusu ndoa, sitaki kukuficha kitu. Binamu wa damu hushirikiana takriban sehemu moja kwa nane ya jeni zao, kwa hiyo inawezekana mtoto wenu akapata nakala mbili za jeni fulani iliyotoka kwa bibi yule yule mmoja. Kwa rumatoidi, inayohitaji jeni nyingi na vichocheo vya nje, hilo linabadilisha kidogo sana. Kwa maradhi ya jeni moja linabadilisha mengi. Kwa jumla, watoto wa wazazi wasio na nasaba huzaliwa na kasoro kubwa kiasi cha 2 hadi 3 katika 100, na kwa mabinamu huongezeka takriban 2 au 3 nyingine. Ni nyongeza ya kweli, ingawa wengi mno huzaliwa wazima, kama mnavyoona nyumba kwa nyumba. Na katika pwani yetu, ambako malaria imekaa karne nyingi, ugonjwa wa jeni moja wa kuuhofia ni siko seli, ule wa seli nyekundu za damu kupinda mfano wa mundu. Mtu mwenye nakala moja yake ni mzima na hajui kama anayo. Wawili wenye nakala moja moja wakioana, kila mimba ina uwezekano wa 1 kwa 4 wa mtoto mgonjwa. Hicho ndicho kipimo nilichokitaja mwanzo: damu kidogo yako na ya mchumba wako, ya kutazama aina ya hemoglobini, ile protini inayobeba hewa katika damu, na ni bora kiwe kabla ya siku ya nikaha kutangazwa, ili kila mtu awe na nafasi ya kufikiri bila ya kadi za mwaliko mkononi. Kama katika ukoo kuna mtoto aliyefariki bila ya sababu kujulikana, au aliyekuwa akiongezewa damu mara kwa mara, mwelezeni daktari.

Vidole vyako vinavyouma jioni baada ya kushona haviniogopeshi. Sindano ya kofia huchosha kidole gumba na cha shahada, na maumivu ya kazi huja na kazi na kuondoka kwa mapumziko. Rumatoidi huenda kinyume: mtu huamka na mikono iliyokaza, na ukakamavu huo hudumu zaidi ya nusu saa, mara nyingi saa nzima na zaidi, kisha hulegea kadiri anavyoitumia mikono. Hukaa kwenye vifundo vya chini na vya kati vya vidole, vifundo vya mikono na nyayo karibu na vidole, kwa kawaida pande zote mbili. Fundo la mwisho karibu na ukucha kwa kawaida huliacha. Ukitaka kujichunguza, mtu akubane kiganja kwa upande, pale vidole vinapoanzia, kwa nguvu ya kusalimiana tu. Mwenye ugonjwa unaoanza hukunja uso. Pete iliyokuwa ikitoka kwa urahisi ikaanza kukwama, na ngozi juu ya kifundo ikapoteza mikunjo yake na kuwa laini kama iliyojaa maji, huo ni uvimbe wa kweli.

Ukiona dalili hizo zimekaa wiki chache usingoje zipite, na kabla ya wiki ya sita uwe umeshaonwa na daktari. Anza na hospitali ya King Fahd hapo Lamu, na uombe rufaa ya Malindi au Mombasa ikibidi, kwa kuwa mabingwa wa viungo nchini ni wachache na wengi wako Nairobi. Haraka hiyo ina maana, kwa sababu dawa zinazotolewa katika miezi mitatu hadi sita ya mwanzo huokoa viungo ambavyo baadaye havirudi. Usikatishwe tamaa na kipimo kimoja: anti-CCP huonekana kwa takriban wagonjwa wawili kati ya watatu, na ile nyingine iitwayo kipengele cha rumatoidi huweza kutokea kwa mtu mwenye kifua kikuu, homa ya ini au umri mkubwa tu. Kiungo kimoja kikivimba ghafla, kikawa moto na mtu ana homa, hiyo si habari ya wiki sita; ni ya siku ile ile.

Nimebakisha mama, ambaye katika barua yako ndiye mgonjwa na ndiye aliyepewa maneno machache zaidi. Vidole vilivyopinda havitanyooka kwa vidonge, lakini vile ambavyo bado havijapinda vinaweza kulindwa. Diklofenaki ya dukani hupunguza maumivu huku ugonjwa ukiendelea kula mfupa, na ikitumiwa kila siku huumiza tumbo na figo. Tazama pia kama katika vidonge vyake imo prednisoloni, dawa kali ya jamii ya steroidi ya kutuliza uvimbe, ambayo huuzwa ovyo na wakati mwingine huchanganywa kwa siri katika dawa zinazoitwa za mitishamba. Ikiwa amekuwa akiitumia kwa majuma, asiiache ghafla, bali daktari ampunguzie taratibu. Kisomo na mafuta ya kuchua havigombani na matibabu. Hijama, akiipenda, iwe kwa wembe mpya.

Dawa ambayo kwa kawaida huanzwa ni methotreksati, pamoja na foliki asidi na vipimo vya damu vya mara kwa mara vya ini na seli. Huimezwa mara moja tu kwa wiki, na watu wamekufa kwa kuimeza kila siku kwa makosa. Akiandikiwa, chagueni siku moja, tuseme Jumatatu, uiandike kwa wino juu ya kopo lenyewe, na kopo hilo likae kwako wewe, si pamoja na dawa nyingine za nyumba.